Tena, Tangu Mlangoni

Nimerudi kutoka Taita juzi. Leso niliyojifunga kwenye mazishi bado iko kambani haijakauka, kwa sababu mvua za huku Msambweni siku hizi zinakuja na kuondoka bila kuaga. Tumemzika Mwalimu Wakesho. Magazeti yamemwita Profesa, yakaandika majina yake yote, na vyuo vikuu alivyofundisha vya hapa na vya ng'ambo, na vitabu vyake juu ya tamthilia za watu weusi, ambavyo naambiwa vinasomwa hata mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kufika. Mimi nilimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, ingawa sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa mpishi wake. Nilichokifanya pale mazishini kilirekodiwa na mtu kwa simu, na vijana wa kikundi changu cha maigizo walikuwa wameshakiona kabla sijashuka garini. Wawili watatu wamecheka. Mmoja, msichana mwenye adabu sana kutoka Ukunda, ameniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimezidiwa na msiba. Nimemwambia la, nilikuwa kazini. Lakini kazi yenyewe siwezi kuieleza mpaka nieleze mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Ya nyumbani kwetu sitayarefusha. Mama alitangulia, baba akamfuata mwanzoni mwa mwaka huo, na mimi niliyekuwa mkubwa, niliyeacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu watatu: Zuhura wa miaka kumi na mitatu, Juma wa miaka tisa, na Saumu ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mjomba wetu Swaleh, aliyekuwa akifuga kule Kinango, alikaa matangani siku tatu, na kabla ya kuondoka akaniita uani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, akichora chini kwa kijiti, kwamba nyumba ya watoto wanne kando ya barabara ya malori haiwezi kuachwa hivi hivi. Juma angekwenda kwake Kinango. Zuhura angekaa kwa jamaa mmoja Ukunda akisaidia kazi za nyumba. Saumu angechukuliwa na shangazi yetu Vanga. Mimi ningeolewa, Mungu akipenda. Alinipa muda mpaka baada ya Idi. Nilimjibu ndiyo mjomba, kwa sababu hilo ndilo jibu alilostahili kupewa, lakini nilijua kwamba wale watoto wakishatoka mlangoni kila mmoja na mfuko wake, hatutakula sinia moja tena maishani. Nilitaka wabaki. Mwaka ule sikutaka kitu kingine chochote.

Wiki iliyofuata nilipata kazi. Mwalimu alikuwa amepewa mwaka mzima wa kupumzika na chuo alichokuwa akifundisha ng'ambo, naye badala ya kupumzika akaja kukodi ghala la zamani la korosho hapa Msambweni, akaleta waigizaji tisa, wengi wao kutoka Mombasa. Kuta za ghala lile zilikuwa zimenywa mafuta ya maganda ya korosho miaka na miaka, hata siku ya jua kali zilitoa harufu iliyowasha puani. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa wa mbao wenye pande mbili uliofunguka uani, na nyuma, palipokuwa pakipimiwa magunia, ndipo nilipoweka meko yangu. Kati ya jikoni na ukumbi kulikuwa na tundu kubwa ukutani, la kupitishia mizigo. Kama nina elimu yoyote ya maigizo, nusu yake iliingia kupitia tundu lile huku moshi wangu ukitoka. Asubuhi niliwapa mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, na siku ambazo bahari haikutoa kitu niliwapikia mchunga, ile mboga chungu ya kwetu, kwa sima. Watu wa mjini waliila kwa kukunja uso. Mwalimu alikuwa akiongeza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mtandio wa kahawia aliokuwa akiutupa begani kushoto kila alipotaka kusema jambo zito, na ulipoanguka aliutupa tena bila kuutazama. Alikuwa hapandishi sauti. Mwigizaji akikosea alipiga kofi moja, moja tu, akasema, "Tena. Tangu mlangoni." Kwake hapakuwa na kuanzia katikati. Hata kosa likiwa kwenye neno la mwisho kabisa la mchezo, watu walirudi mpaka kwenye ule mlango mkubwa wa mbao wakaingia upya. Nilikuwa nasikia maneno hayo mara ishirini kwa siku. Saumu alianza kuyasema nyumbani Zuhura alipomchana nywele vibaya.

Mazungumzo niliyoyapenda ni yale ya baada ya chakula, watu wamejinyoosha kwenye majamvi. Katana, mwigizaji wa pekee aliyekuwa mtu wa huku, alikuwa amecheza ngoma miaka minne katika hoteli moja ya Diani, amevaa sketi ya majani ambayo kwao hakuna aliyewahi kuivaa. Siku moja akasimulia jinsi alivyokuwa akiruka juu ya moto wageni wakimpiga picha, na jinsi meneja alivyomwambia asitabasamu, kwa sababu wageni wanapenda awe mkali kidogo. Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Akamuuliza, pale alipokuwa akiruka, nani alikuwa mwenye mchezo, yeye au wale waliokuwa wakimtazama. Katana akafikiri, akasema mwenye mchezo alikuwa mwenye moto. Hapo Mwalimu akacheka mpaka mtandio ukaanguka, kisha akaanza kusema, na mimi nikaacha sufuria. Alisema mtu mweusi amechezeshwa mbele ya macho ya watu wengine muda mrefu sana, kwenye mashamba ya pamba ng'ambo na kwenye kumbi za mahoteli huku, mpaka amesahau kwamba kwao anayetazama naye huwa na kazi. Alisema kule alikofundisha aliingia makanisa ya watu weusi ambamo mhubiri hamalizi sentensi bila kujibiwa, na wakimnyamazia anajua amepotea njia. "Ukumbi wa watu wetu ukinyamaza," alisema, "ujue kuna mtu amewanyang'anya kitu." Katana akamwambia, "Mwalimu, wale wa Diani walinipigia makofi kila siku. Hapa napigiwa moja, halafu narudishwa mlangoni." Wakacheka wote, na Mwalimu naye.

Nilimwelewa, na ndiyo maana nilishangaa. Mchezo wake ulikuwa na sehemu tatu: mtu anakufa kwenye shamba la pamba, mtu anakufa kwenye shamba la mkonge, mtu anakufa siku hizi hizi, hapa pwani. Mara zote tatu maiti hubebwa kupita katikati ya watazamaji. Ile sehemu ya tatu aliitaka iishe kwa kimya. Miezi na miezi alikuwa akikitafuta kimya hicho. Aliwapunguzia waigizaji maneno, akawavua viatu, akaondoa ngoma. Nikiwa nakuna nazi nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtu anayesema ukumbi wetu haunyamazi anahangaika hivyo kuunyamazisha. Sikumwambia. Nilikuwa mpishi, na tena sikuwa na hakika kama nilikuwa nimekosea mimi au yeye. Leo nina hakika.

Sasa lazima nieleze habari ya utani, kwa wasomaji wa mbali. Kwetu mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Kila ukoo una watani wake, na mtani ana kazi yake msibani. Yeye ndiye anayelizuia jeneza njiani, anayevaa nguo ya marehemu akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chai yake, akawachokoza wafiwa mpaka wanaolia wacheke na waliokauka walie. Husema lolote, na anayeambiwa haruhusiwi kukasirika. Ili apishe njia, humtaka mtu atoe kitu, na kilichotolewa kwa mtani mbele ya watu hakirudishwi. Wako mashekhe wasiolipenda jambo hili, nami nawaheshimu, lakini sijaona mazishi ya kwetu yaliyokosa kabisa mtani hata mmoja. Isipokuwa ya baba. Baba alifia hospitali Mombasa, akaletwa mvua ikinyesha, akazikwa haraka haraka, na mtani wake mkubwa, Bi Riziki, alikuwa Vanga harusini. Alipofika, matanga yalikuwa yameshaondolewa. Bi Riziki alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara, akiuza viazi vya karai karibu na ghala, na kila asubuhi alikuja na kapu lake jikoni kwangu kuwauzia waigizaji. Kila asubuhi alisema jambo lile lile. "Hamisi ameondoka bila mimi, mwanangu. Maneno yake ninayo humu, hayajatoka." Akajigusa kifua, akaomba moto wa kuwashia jiko lake, akaenda zake.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani Mwalimu alipokuja jikoni na daftari. Yule maiti wa sehemu ya tatu hakuwa na jina, alisema, kwenye maandishi aliitwa Marehemu tu, na watu hawawezi kumhuzunikia Marehemu. Akaniomba jina, jina lolote la huku. Nilikuwa nachagua mbaazi za futari. Zuhura alikuwa ameshaanza kukunja nguo za wadogo zake, kwa sababu Idi ilikuwa ikikaribia na yeye alikuwa mtoto wa kujipanga mapema. Nikamtajia Mwalimu jina la baba, na la babake, na la ukoo wetu, polepole ili aandike bila kukosea. Akaniuliza kama ningeweza kupata na vazi la mtu mzima wa huku. Nikasema ninalo. Baba alikuwa mlinzi wa hoteli, na koti lake la kijivu, alilolivaa hata wakati wa joto, lilikuwa limening'inia kwenye msumari tangu alipopelekwa hospitali. Nilipolishusha, Saumu akanishika mkono. "Dada, baba anakufa tena?"

Nikamwambia, "La. Safari hii anazikwa vizuri."

Nilijua ninalolifanya. Napenda liandikwe waziwazi, kwa sababu kwa miaka mingi liliandikwa vinginevyo. Nilimtumia mjomba salamu kwa mfanyabiashara wa mbuzi, kwamba siku atakayokuja kuwachukua watoto iwe Jumamosi ya pili baada ya Idi, kuna shughuli ningependa aione kwanza. Nikaazima mabenchi ya madrasa nikayapanga uani mwenyewe, nikiwaambia waigizaji wakapumzike. Njia ya kupitia wabebaji niliiacha nyembamba. Mwisho wa njia hiyo, upande wa kulia, niliweka kiti cha mgeni wa heshima kwa ajili ya mjomba, na mbele yake, hatua moja tu kutoka pale jeneza litakapopita, nikaweka kigoda cha Bi Riziki. Sikumwambia Bi Riziki neno, ila kwamba aje, na asichelewe. Kama asingeinuka, ningekuwa nimeliburuta jina la baba mbele ya watu bure, na mjomba angepata sababu kamili ya kusema kwamba mpwa wake amechanganyikiwa. Hayo nayo niliyajua.

Mchezo ulianza baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa ukutani. Sehemu mbili za kwanza waliziangalia kwa heshima, kama watu wanaosikiliza habari za ugenini. Kisha mlango mkubwa ukafunguka mara ya tatu, wabebaji wanne wakatoka na Katana amelala juu ya kitanda cha kamba, amevaa koti la kijivu, na mwigizaji mmoja akalitamka jina la baba, lote, na la ukoo. Nikasikia pumzi za watu zikishuka. Wakatembea. Hapakuwa na ngoma wala viatu. Mwalimu alikuwa amesimama ukutani karibu na tundu la jikoni, mkono umeshika mtandio, akingojea kimya chake. Wabebaji walipofika mwisho wa njia, Bi Riziki akainuka kwenye kigoda, akajaza njia yote.

"Hebu simameni hapo. Mnampeleka wapi Hamisi na koti langu?"

Wale vijana wa mjini walikwama, mguu mmoja mbele. Katana akafungua jicho moja, akaona ni nani, akalifumba haraka. Baadaye alisema hajawahi kuogopa jukwaa kama siku ile. Nikamwona Mwalimu anainua mikono yake miwili apige kofi, awarudishe wote mlangoni. Nikatoka jikoni na unga viganjani, nikamshika kifundo cha mkono. Sikuwahi kumgusa kabla ya hapo.

"Mwache, Mwalimu. Hii ni kazi yake."

Alinitazama, kisha akaishusha mikono. Bi Riziki alikuwa ameshamvua Katana lile koti na kulivaa, halikumfunga kifuani, na akaanza kutembea. Baba alikuwa akiegemea kushoto kidogo, na kabla ya kusema alikohoa mara mbili. Bi Riziki akaegemea kushoto, akakohoa mara mbili, nami nikamwona baba. Akawalaumu wanawake wa benchi la mbele kwa chai isiyo na tangawizi. Akamuuliza jirani yetu lini atarudisha jembe. Akamwambia muadhini kwamba huku alikokwenda hasikii adhana yake vizuri, apandishe sauti. Watu walicheka leso ziko mdomoni. Juma alicheka mpaka akamwangukia Zuhura, na Zuhura, ambaye hakutoa chozi tangu siku ya mazishi, alikuwa akilia huku amemshika. Kisha Bi Riziki akageuka, akamkabili mjomba, akakohoa.

"Shemeji Swaleh, umekuja. Ahsante. Nasikia zizi lako limekua."

Mjomba alitabasamu kwa uangalifu, akasema ni dogo tu.

"Na wewe ukigawa mbuzi, unagawaje?"

"Kila mtu na wake, Hamisi," alijibu. Alipomwita kwa jina la baba nilijua ameshaingia mchezoni, na kutoka hakuwezekani tena.

"Mimi nilikufa na mbuzi wangapi?"

"Hukuwa na mbuzi."

"Basi nasikia kuna mtu amekuja kwangu kugawa. Anagawa nini?"

Uwanja wote ukanyamaza. Kile kimya ambacho Mwalimu alikitafuta kwa miezi kumi kilikuja chenyewe, na hakuna aliyevuliwa viatu kwa ajili yake. Mjomba akavua kofia, akajipangusa uso, akawatazama wale watoto watatu kwenye benchi la tatu. Bi Riziki alisimama mbele yake na koti lisilofunga. Akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Nimechoka kusimama, shemeji. Nina safari. Nipe neno nipite."

"Watoto watakaa na dada yao," alisema mjomba. "Mahindi nitaleta mimi."

Vigelegele vilipasuka. Bi Riziki akawageukia wabebaji, akawaambia wamchukue, na wambebe vizuri, si kama gunia la korosho. Mjomba alitimiza neno lake. Aliiletea nyumba ile mahindi kila msimu mpaka Saumu alipomaliza shule, na hakuwahi kulitaja jambo lile ila kwa kucheka.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Mwalimu alikuja kukaa jikoni kwenye kigoda kile kile. Nilidhani ataniambia nimemharibia mchezo. Akaniomba nimweleze utani wote, ukoo gani na ukoo gani, nani anaruhusiwa nini, na akaandika mpaka akamaliza daftari. Hakuniuliza swali moja tu: ilikuwaje Bi Riziki akawa amekaa pale pale. Nami sikumwambia. Habari ikifika Kinango kwamba mambo yalipangwa, mjomba angeweza kusema neno lake lilitolewa kwa hila, na mimi nilikuwa na watoto watatu wa kulea. Basi akarudi ng'ambo na jambo hilo kama alivyoliona, akaandika kitabu kilichompa jina. Wazo lake aliliita kiti cha mtani. Alisema mchezo wa watu weusi haujakamilika mpaka awepo mtu mmoja miongoni mwa watazamaji mwenye haki ya kuusimamisha, na akazisoma upya tamthilia za watu wetu wa huko mbali, na makanisa yao, na mazishi yao, kwa jicho hilo. Wako waliompinga, naye alifurahia kupingwa. Kila alipokuja nyumbani alipita Msambweni. Alinitoa jikoni akanipandisha jukwaani, kisha akanishusha jukwaani akanifundisha kuongoza. Alinitumia vitabu nilivyovisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni moja. Leo lile ghala ni letu, kikundi changu ndimo kinamofanyia mazoezi, na wanafunzi wa vyuo huja kunisikiliza na daftari zao. Sina shahada, na sijawahi kusimama mbele yao nikaona upungufu wake. Lakini kila nilipokifungua kile kitabu nilikutana na sentensi moja kwenye sura ya pili: Hakuna mtu aliyelipanga. Nikakifunga.

Mjomba alipofariki, nilipika matangani mwake, watani wake wakamfanyia haki yake, na nikaona kwamba sasa hakuna wa kumficha. Mwalimu alipokuja mwaka ule tulikula pamoja kwenye nyumba aliyokodi Diani, wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nikamwambia. Jina, koti, njia nyembamba, kiti, kigoda. Aliweka kipande cha samaki chini.

"Mwanasha, miaka yote hii nimesimama mbele za watu nikiapa kwamba hakuna aliyepanga."

"Maneno sikuyapanga mimi, Mwalimu. Nilipanga kiti."

Hakumaliza wali wake. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa adabu, na kwa miezi saba hakunipigia simu. Iliniuma, lakini sikujuta. Nilijua nimesema kweli, na nilijua pia kwamba wazo lake litasimama, pengine vizuri zaidi. Bi Riziki angeweza kubaki amekaa. Anayeongoza mchezo hana uwezo wa kumwinua mtu. Anaamua tu nani akae wapi, na maiti apite karibu naye kiasi gani. Nilikuwa nimelifanya hilo nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla sijajua kwamba lina jina. Mwezi wa nane kikaja kifurushi. Alikuwa ameichapisha upya ile kazi yake, na sura ya pili ameiandika yote tangu mwanzo. Mahali pa ile sentensi palikuwa na nyingine: Palikuwa na mtu mmoja aliyepanga viti. Alikuwa jikoni. Na kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono wake, "Kwa mtani wangu Mwanasha. Zamu yako ikifika, usichelewe." Sijui kama Wataita na sisi tuna utani wowote wa zamani. Huu alinipa yeye.

Kwa hiyo nilifika Taita siku moja kabla. Kanisa lao ni la mawe, liko juu mlimani, na ndani mna baridi. Mdogo wake, Mkamburi, alikuwa amekaa siku nne bila chozi wala neno, na wanawake wa pale walikuwa wamenong'onezana kwamba lazima apatikane daktari. Asubuhi nilimwomba ule mtandio wa kahawia. Akanipa bila kuuliza. Kwenye ratiba iliyochapishwa walikuwa wameniwekea dakika tatu chini ya kichwa cha marafiki, baada ya wakuu wa vyuo. Hotuba zao zilikuwa nzuri, na watu walizisikiliza kimya. Zamu yangu ilipofika nilimwambia mshereheshaji hapo mbele kwamba bado, akashangaa, akaendelea. Kisha wakaliinua jeneza watu sita, wanne kati yao wa kikundi chake cha zamani, na mbele kulia alikuwa Katana, nywele nyeupe zote. Nikatangulia nje. Walipovuka mlango tu nikasimama katikati ya njia, nikautupa mtandio begani kushoto bila kuutazama, nikapiga kofi moja.

"Tena," nikasema. "Tangu mlangoni."

Mchungaji alinyanyua macho kutoka kwenye kitabu chake. Mtu mmoja nyuma akaniambia kwa upole nipishe, mama. Sikupisha. Katana alinitazama, na mabega yake yakaanza kutikisika hata jeneza likatikisika nalo. Ndipo nikamsikia Mkamburi nyuma yao akicheka, kicheko kikubwa kilichokatikia katikati kikageuka kuwa kile kilio ambacho watu walikuwa wakikingojea siku nne. Alilia hivyo kwa muda, ameshika nguzo ya mlango. Alipopata pumzi akawaambia wabebaji, "Si mmemsikia? Rudini."

Wakarudi, hatua kwa hatua, jeneza begani, mpaka ndani ya kizingiti, wakaanza upya.